Kutoka Viatuni Hadi Jikoni: Ngeli za Waendao Hekaluni Leicester

Wahenga wa pwani walishauanza utafiti huu, ila waliuacha njiani. Waliposema Baniani mbaya kiatu chake dawa, nusu ya kwanza ilikuwa chuki ya mtu anayedaiwa dukani, nayo mtafiti makini huiweka kando. Nusu ya pili ni mbinu ya kisayansi ambayo haijapitwa na wakati. Ukitaka kuwafahamu Wahindu walioko ughaibuni, achana kwanza na orodha ya miungu yao, maana imewashinda wenye akili kuliko mimi. Simama penye rafu za viatu mlangoni mwa hekalu siku ya sikukuu, uangalie nani anavua nini, anakiweka wapi, na akishavua anaelekea upande gani.

Dai langu ni hili. Kati ya rafu za viatu na jiko la hekalu pana umbali wa hatua chache, na kila mwendaji ana kituo chake katika umbali huo. Kituo hakifuati madhehebu, wala ukoo, wala shahada. Daktari wa moyo na muuza magazeti wakikutwa kituo kimoja, hao ni ngeli moja. Neno ngeli nimeliazima kwa wanasarufi, kwa sababu nao walikabiliwa na balaa kama hili langu: viumbe wengi, tabia nyingi, na kila mmoja akidai yeye hana mfano.

Uwanja wa utafiti ni Leicester, mji wa katikati ya Uingereza, mwendo wa saa moja na ushei kwa treni kutoka London. Wapo watakaouliza kwa nini sikwenda Gujarat kwenyewe. Gujarat mtu hupita hekaluni, hugonga kengele, hurudi kwenye shughuli zake, na mtafiti hubaki na daftari tupu. Ughaibuni hekalu limebebeshwa kazi zote: ndilo baraza, ndilo shule ya lugha, ndilo kijiwe cha wazee, ndipo mahali pa kumtafutia mtoto mchumba bila kuonekana unatafuta. Na wengi wa hawa ninaowaainisha si wageni kwa msomaji wa Kiswahili. Walikuwa na maduka Kisumu, Jinja, Moshi, Mwanza na Unguja. Tuliwahi kukopa kwao.

Kabla ya ngeli, tuyapitie matabaka, kama wafanyavyo wanajiolojia. Tabaka la chini kabisa ni la 1964, lililong'oka Unguja baada ya Mapinduzi. Juu yake lipo la 1968, la Kenya, lililokimbizana na Bunge la Uingereza. Machi ya mwaka huo sheria ilipitishwa kuwabana Waasia wenye pasipoti za Kiingereza, na wengi walipanda ndege wakiwahi mlango usifungwe. Linafuata la 1971, la Tanzania, baada ya nyumba za kupangisha kutaifishwa. La 1972 ndilo nene kuliko yote. Agosti ya mwaka huo Idi Amin alitoa siku 90, na watu wapatao 28,000 wakaingia Uingereza. Halmashauri ya Leicester ilishtuka hata ikalipia tangazo katika gazeti la Uganda Argus, kuwasihi wasielekee huko kwa kuwa nyumba na shule zimejaa. Mpaka leo wazee husimulia kwa kicheko kwamba kuna waliokuwa hawajawahi kulisikia jina la Leicester hadi walipolisoma katika tangazo hilo.

Matabaka haya hayajasahauliana. Wa Nairobi anajiona mtu wa mjini. Wa Jinja hukumbusha, bila kuulizwa, nyumba aliyoiacha ina vyumba vingapi. Wa Unguja hutabasamu tu, yeye alitangulia.

Miungu nayo ilianza maisha ya Uingereza kama wapangaji. Ilikaa kwenye sebule za watu, juu ya meza iliyotandikwa kitambaa, na siku kubwa ikahamishiwa kumbi za shule za kukodi. Jumuiya ya Swaminarayan ijulikanayo kama BAPS, iliyokuwa na hekalu Mombasa tangu 1955, ilipata makao yake ya kwanza London mwaka 1970 ndani ya jengo lililokuwa kanisa, mtaa wa Islington. Leicester, wafuasi wa Krishna wa ISKCON wanaabudu ndani ya jengo la fahari lililokuwa benki, mtaa wa Granby. Kaunta zilitoka, madhabahu ikaingia.

Mwaka 1995 ndipo upangaji ulipokwisha kwa kishindo. Huko Neasden, kaskazini-magharibi mwa London, BAPS walifungua hekalu la mawe ya chokaa ya Bulgaria na marumaru ya Carrara, Italia. Mawe hayo hayakwenda London moja kwa moja. Yalisafirishwa hadi India, yakachongwa vipande 26,300, kisha yakarudishwa kwa meli na kupangwa pasipo nguzo za chuma. Yaani mawe ya Ulaya yalilazimika kwenda India kufuata viza ndipo yakaruhusiwa kuishi Uingereza.

Sasa ngeli zenyewe.

Ngeli ya Viatuni ni ya wale ambao hawavuki rafu, au wakivuka hurudi upesi. Humo mna mkwe mpya asiyejua afuate nani, kijana wa miaka kumi na sita aliyeletwa kwa vitisho, na mzee wa kujitolea aliyevaa kizibao cha njano, ambaye kazi yake ni kusema rafu ya kushoto imejaa, nenda ya kulia. Ngeli hii hutaabika zaidi majira ya baridi. Dini iliyozaliwa penye makubazi imehamia penye buti za kamba ndefu, na foleni ya watu waliosimama mguu mmoja mlangoni Januari, soksi zikinywa theluji iliyoyeyuka, ni ibada ambayo hakuna kitabu kitakatifu kilichoitaja. Hapa pia ndipo palipo elimu ya ulinzi. Bibi mmoja niliyemtazama aliweka kiatu cha kushoto rafu ya juu karibu na mlango, kisha akavuka ukumbi mzima kukiweka cha kulia rafu ya chini, nyuma ya mwavuli. Nilipomsalimia na kumuuliza sababu, alinijibu kwa Kiswahili chake cha Kisumu: "Mwizi hana wakati ya kutafuta mbili, kijana."

Ngeli ya Kengele huingia, hugonga, hufumba macho, hutoka. Ni kubwa kwa idadi asubuhi za siku za kazi na haina la kuchambuliwa.

Ngeli ya Ukutani inahitaji subira. Hawa ni wazee waliopangwa kwenye viti vya plastiki kandokando ya ukumbi, kwa sababu magoti yaliyokunjika vizuri sakafuni kwa miaka mingi yamegoma. Wanafika kwa basi, kwa pasi ya bure ya wastaafu, na wengine hukaa mpaka sala ya jioni. Ndio hifadhi ya nyaraka ya jumuiya nzima: nani ni ndugu wa nani, ugomvi gani ulianzia Mbale, ni mtoto wa nani aliyeoa Mwingereza na sasa ndoa ile ndiyo imedumu kuliko zote. Mtafiti akipata kiti kati yao hana haja ya maktaba. Hana pia nafasi ya kuuliza swali.

Ngeli ya Mbele ni ya wale wanaotaka kuonana na mungu uso kwa uso. Kwa Wahindu, kuiona sanamu na kuonwa nayo ndiyo shabaha ya safari nzima, kwa hiyo kusukumana hapa kuna msingi wa kiteolojia. Mahekalu ya Swaminarayan huwa na sala za taa mara tano kwa siku, kuanzia kumwamsha mungu alfajiri hadi kumlaza usiku, na mchana pazia hufungwa ili apumzike baada ya chakula. Mavazi yake hubadilishwa kila siku, na baridi ikikaza huvalishwa shali za sufu. Taa ya samli huzungushwa mbele ya sanamu huku ngoma na kengele zikilia, kisha sinia la moto hupitishwa kwa watu. Kila mtu hupitisha viganja juu ya mwali na kuvipeleka usoni, na sarafu hudondoka kwenye sinia. Wanaume na wanawake katika mahekalu haya hukaa mbalimbali, jambo ambalo msomaji wa pwani halitamshangaza. Anayetazamwa kwa hofu wakati huo hayumo katika orodha ya miungu: ni king'ora cha moshi kilichobandikwa darini.

Hapa inabidi ngeli zisubiri kidogo, kwa sababu mtu anaweza kuhama kituo kutegemea sikukuu, na sikukuu zenyewe hazijui kukaa tarehe moja. Sisi tuliozoea Idd kurudi nyuma siku kama kumi na moja kila mwaka tunaielewa nusu ya shida. Kalenda ya Kihindu nayo hufuata mwezi, ila kila baada ya miaka miwili na miezi kadhaa huongezewa mwezi mzima wa ziada, ili Divali isije ikaangukia kiangazi. Nusu ya pili ya shida ni ughaibuni. Siku ya mwezi huanza dakika ile ile ulimwenguni kote, lakini dakika hiyo ikiwa alasiri Ahmedabad, Leicester bado ni asubuhi. Basi kalenda iliyochapwa India na kalenda iliyopigiwa hesabu ya Uingereza zikagongana, na Divali ya 2024 ilisherehekewa na wengine tarehe 31 Oktoba, na wengine tarehe 1 Novemba. Aliyewahi kula Idd siku moja na jirani yake akala kesho yake hatauliza maswali. Isitoshe, juu ya kalenda zote mbili yupo mwajiri, ambaye anaitambua Jumamosi na Jumapili peke yake. Sherehe nyingi za hekalu huishia kwenye Jumamosi iliyo karibu, na hakuna mtaalamu wa nyota anayeruhusiwa kupinga.

Sikukuu zenyewe nimezigawa kwa madhara yake.

Za Moto zinaongozwa na Divali. Uingereza ni nchi nzuri kwa Divali kwa bahati isiyotarajiwa: Waingereza wenyewe hulipua fataki tarehe 5 Novemba kukumbuka njama ya kuliteketeza Bunge lao, kwa hiyo kwa wiki mbili polisi hawajui kishindo kipi ni cha dini gani. Leicester imewasha taa za Divali katika barabara ya Belgrave tangu miaka ya 1980. Barabara hiyo ina maduka ya sari, ya vito na ya vitamu kila upande, na siku ya sherehe makumi ya maelfu ya watu hujazana humo, hata mwaka 2025 halmashauri ikaondoa fataki na jukwaa kwa kuhofia msongamano. Kwenye Moto ndipo inapojitokeza ngeli ndogo ya Wa Divali Tu, ambao hekalu huwaona mara moja kwa mwaka wakiwa na nguo mpya na watoto waliokwishasahau mlango uko wapi. Asiwacheke mtu. Misikiti inao wa Idd, makanisa yanao wa Krismasi.

Za Usingizi ni zile ambazo mungu hakuwajali wenye zamu ya asubuhi. Krishna alizaliwa saa sita usiku, na sharti kuwepo. Watu hufunga mchana kutwa, huimba hadi wakati huo, humbembeza mtoto mchanga kwenye kitanda cha bembea, hula, kisha wanagundua kwamba kesho ni Jumanne. Nje kidogo ya London lipo jumba la Bhaktivedanta Manor, ambalo George Harrison wa Beatles aliwapa ISKCON mwaka 1973. Lilivuta umati mkubwa siku hiyo hata wanakijiji wa jirani wakalalamika, na kesi ikasukumwa miaka mingi mpaka 1996, serikali iliporuhusu ibada ya hadhara iendelee kwa sharti la barabara mpya isiyopita kijijini. Katika historia ya dini zote, sijui mungu mwingine aliyeokolewa na barabara ya mchepuko.

Za Maji nazipita haraka. Sanamu ya mungu Ganesha husindikizwa hadi majini izame, na Leicester haina bahari.

Za Miguu nitakaa nazo, kwa sababu Navratri ndiyo Wagujarati wenyewe walivyo. Usiku tisa mfululizo, kati ya Septemba na Oktoba, hukodiwa kumbi za michezo na kumbi za jumuiya. Katikati huwekwa picha au taa ya Mama Amba, na watu humzunguka kwa ngoma ya garba, peku, juu ya sakafu yenye mistari ya mpira wa kikapu. Tazama mizunguko na utaona uainishaji ambao haukuhitaji msaada wangu. Mzunguko wa ndani kabisa ni wa mabingwa, wasichana wenye sketi pana zilizoshonewa vioo, na wavulana wawili watatu waliofanya mazoezi kwa siri tangu Julai. Mzunguko wa kati ni wa akina mama, wanaokwenda kwa makofi mawili, hatua, makofi matatu, hatua, huku wakizungumza mambo ya nyumbani bila kukosea mpigo hata mmoja. Mzunguko wa nje ni wa matembezi. Ng'ambo ya mizunguko yote, kwenye ngazi za watazamaji, wamekaa bibi wanaotazama mzunguko wa ndani kwa macho ya mnunuzi wa ng'ombe mnadani: kimo, meno, ukoo, na je, anakaza au analegea ikifika saa nne.

Ikifika saa tano usiku mlinzi wa ukumbi hutikisa funguo. Gujarat garba hukesha. Leicester huisha kwa wakati, na sala ya mwisho husomwa huku watu wakikunja viti.

Katika Navratri ndipo pia linapotokea pambano ambalo wataalamu wameliacha kwa woga. Miaka ya karibuni wameingia Wahindu wengine, moja kwa moja kutoka India: wanafunzi wa vyuo, wataalamu wa kompyuta wa kutoka kusini, na watu wa Daman na Diu, zilizokuwa koloni za Ureno hadi 1961, waliokuja na pasipoti za Kireno. Kwa macho yao, Mgujarati wa Afrika Mashariki ni kitu cha makumbusho. Nyimbo zake ni zilezile zilizoimbwa Jinja kabla ya 1972, mavazi yake ya kuchezea yanawakumbusha bibi zao, na Kigujarati chake kimejaa sufuria, fagio na machungwa. Yeye naye anawaona hawa kama watu walioiacha dini ikachezewa na filamu. Nani Mhindu halisi? Nimewasikiliza wote wawili kwenye foleni ya chai, na uamuzi wangu ni kwamba aliyebaki India alibadilika kwa kuwa hakuwa na cha kuogopa kupoteza. Aliyehamishwa mara mbili, kutoka Gujarat hadi Uganda na kutoka Uganda hadi Uingereza, alishika alichokuwa nacho mkononi siku ya kuondoka, na hajakilegeza.

Turudi kwenye ngeli, zilizobaki si za kuchosha.

Ngeli ya Maegesho ni ya wanaume waliomleta mama na sasa wanamngoja, pamoja na vijana wanaojadili magari wasiyoyamiliki. Injini huwashwa, huzimwa, huwashwa. Jirani Mwingereza hutokea dirishani, hutoweka. Yaliyotokea mashariki mwa mji mwaka 2022, vijana wa Kihindu na wa Kiislamu walipokabiliana mitaani, si ya ngeli hii na wala si ya mzaha. Nayataja ili msomaji asidhani mji huu ni bustani.

Ngeli ya Kamati hutambulika kwa funguo nyingi na kwa tabia ya kuangalia dari. Mtu wa Kamati haoni sanamu, anaona bati linalovuja. Huchaguliwa, hushitakiwa, huapa hatagombea tena, hugombea tena. Alama zake hubaki ukutani kwa herufi za dhahabu: majina ya wafadhili yamepangwa kwa ukubwa wa mchango, na ukubwa wa herufi unafuata. Sina zaidi ya kusema kuhusu Kamati, kwa kuwa wao wana mengi ya kusema wenyewe kila mkutano mkuu.

Wageni wa Heshima ni ngeli ya msimu, inayochipuka uchaguzi ukikaribia. Huvalishwa koja la maua, hupakwa alama nyekundu kipajini, husalimia kwa mikono iliyounganishwa, hupigwa picha wakiwa na taa mkononi. Katika ngeli hii yupo mmoja anayewatatiza waainishaji, naye ni Rishi Sunak, aliyekuwa Waziri Mkuu wa Uingereza, maana alikuwa mgeni na mwenyeji kwa mpigo. Baba yake alizaliwa Kenya, mama yake Tanganyika, na chama chake kilimfanya kiongozi tarehe 24 Oktoba 2022, siku ya Divali yenyewe. Siku chache kabla ya kura za Julai 2024 alikwenda hekalu la Neasden kuomba. Alishindwa vibaya sana. Wanateolojia wa Ukutani wamelijadili hilo kwa kina na kufikia kwamba mungu husikia, ila hapigi kura.

Imebaki Jikoni, na ndiyo sababu nilianza kuandika.

Kila kitu nilichokieleza hapo juu huishia kwenye sahani. Chakula hutolewa kwanza kwa mungu, kisha hurudi kwa watu kikiwa kimebarikiwa, na hakuna anayeondoka bila kuonja. Kwenye mahekalu ya Swaminarayan hakipikwi kitunguu wala kitunguu saumu, kwa kuwa huamsha tamaa zisizofaa. Wapishi hao wanaweza kumlisha mtu dengu, viazi, puri na mchuzi wa maziwa mgando asikumbuke kwamba kuna kitu hakimo. Siku za kufunga nafaka, mara mbili kila mwezi wa mwandamo, huingia tembe nyeupe za wanga wa muhogo zilizokaangwa na njugu na viazi, chakula cha toba ambacho mimi nakiita karamu. Na kesho yake Divali, mwaka mpya wa Kigujarati ukianza, hufika Annakut, mlima wa vyakula unaopangwa ngazi kwa ngazi mbele ya miungu. Oktoba 2000 Neasden walipanga vyakula 1,247 tofauti, vyote bila nyama, na rekodi ya Guinness ikaandikwa. Nani alivipika? Koja la maua hakuvishwa.

Jiko la hekalu lina sheria zake. Wanaume hushika sufuria kubwa zile za kukogesha mtoto, na mwiko mrefu kama kasia. Kazi hiyo ina mvuke na sifa, kwa hiyo wanaigombania. Wanawake hukaa duara sakafuni au kwenye meza ndefu, kila mmoja na ubao wake, wakisukuma chapati na puri. Unga hupita kwa mkono, donge kwa donge, na hakuna anayepima, ila zote hutoka na ukubwa mmoja. Mkuu wa jiko siku niliyoingia mimi alikuwa bibi wa miaka themanini na kitu, mzaliwa wa Uganda, sari imefungwa juu ya kifundo na soksi za sufu chini yake. Aliposikia natoka Afrika Mashariki alibadili lugha papo hapo. "Wee kijana, lete ile sufuria. Weka hapa. Hapana hapa, hapa! Sasa pole pole."

Kiswahili chake kilikuwa cha amri tupu. Hakuna asiyejua kilijifunzwa wapi: kwenye jiko la nyuma ya duka, kikisemwa na mwajiri kwa mpishi wetu, ambaye hakuwa na nafasi ya kujibu kwa lugha ya amri. Nilitaka kuudhika kwa niaba ya mpishi huyo. Lakini nilipogeuka nikakuta mfamasia mstaafu akiambiwa kwa sauti ileile, kwa Kigujarati, kwamba viazi amevikata vinene. Nyuma yake mjumbe wa Kamati, funguo zikilia, anasugua sinia. Bibi hakubagua. Nilibeba sufuria.

Ngeli hii ndiyo inayobeba nyingine zote, na ndiyo pekee isiyoongezeka. Ukutani hujazwa na uzee, Mbele hujazwa na hamu, Maegesho hujazwa yenyewe. Jikoni hujazwa na mtu aliyekubali kuamka saa kumi alfajiri ya Jumapili, na wajukuu wa hao bibi wako Birmingham na Toronto, wana kazi nzuri na hawajui donge la puri lina ukubwa gani. Mashine za kutoa chapati zimeshaanza kuingia kwenye majiko ya namna hii. Zinatoa chapati za duara kamili, nyingi kwa saa, na hazimwelekezi mtu pa kuweka sufuria.

Kwa hiyo msomaji uliye Leicester, London au popote penye hekalu la aina hii, ukialikwa sikukuu usijibanze viatuni. Nyoosha moja kwa moja, ulizia jiko, nawa mikono, uombe viazi vya kumenya. Utafokewa kwa Kiswahili na utashibishwa mara mbili. Kitunguu usilete.